Sauti ya Mwanamke, Haijulikani

Liège, 14 Januari 2023

Shangazi yangu Mwanvua,

Assalaam alaikum. Natumaini miguu imepunguza kuvimba na kwamba binti yako Sumaya anakupeleka kwa daktari kila mwezi kama alivyoniahidi. Sisi huku wazima, ila baridi imetukaba. Watoto wanakusalimu. Rafiki yangu Twalibu anakuja Bujumbura wiki ijayo, kwa hiyo nimempa barua hii, dawa zako za presha na sweta. Najua hupendi ujumbe wa simu.

Nina habari kubwa. Kuna Mbelgiji mmoja hapa, anaitwa Patrick. Kazi yake ni kutafuta nyimbo ambazo watu walizipita bila kuzisikia: soul, bluzi, kantri, za huko Marekani na za watu wa mbali waliozipenda wakazifanya zao. Anazisafisha na kuzitoa upya kwa santuri. Mwaka jana alinunua katoni ya santuri kuukuu, na humo ndani akakuta ile ndogo ya Baba ya mwaka 1979! Akanitafuta kwa jina la ukoo hadi akanipata. Nami nikampa ule mkanda mkubwa wa studio niliouchukua kwenye sanduku la Baba, mama alipofariki.

Upande wa kwanza Baba anaimba "Asubuhi ya Buyenzi". Upande wa pili anaimba mwanamke, wimbo unaitwa "Mawazo". Patrick alipousikia alisema hajawahi kusikia kantri inayolia hivyo kwa Kiswahili. Anadhani lile gitaa linaloteleza kama waya lilitoka Marekani. Nimeandika kurasa nne kuhusu maisha ya Baba, zitachapishwa pamoja na maneno ya nyimbo. Ya upande wa pili nimeyaandika hivi: "Mawazo yangu yamekwenda Uvira, yameniacha na ufagio mkononi."

Shida ni moja. Jina la huyo mwanamke halipo kwenye jalada la zamani. Wewe ulikuwa unaishi kwa Baba miaka ile. Je, unamkumbuka? Kama humkumbuki si neno, tutaandika tu: sauti ya mwanamke, haijulikani.

Naomba pia picha za Baba za ujana.

Mwanao,
Anouar


Mutanga Nord, 26 Februari 2023

Anouar, mutoto wa kaka yangu,

Waalaikum salaam. Dawa nimepata. Sweta ni dogo, nimempa jirani. Miguu ni ileile. Mafuta ya gari hakuna mjini, Sumaya ameliacha gari kwenye foleni siku ya tatu leo, kwa hiyo daktari hatukumwona. Hapa Mutanga Nord ni pazuri lakini kila nyumba ina geti lake, mutu anaweza kufa Jumatatu jirani akajua Ijumaa. Nimeizoea Buyenzi, ambako ukikohoa unaulizwa umelala wapi.

Huyo mwanamke simjui. Andika unavyotaka, si mkanda uko kwako.

Picha sina.

Hilo gitaa mwambie Mbelgiji wako halikutoka Marekani. Lilikuwa gitaa la kawaida, na baba yako alitelezesha juu ya nyuzi kipande cha bomba la shaba alichokikata garaji. Alijifunza kwenye santuri za Mgiriki mmoja aliyefunga duka lake na kugawa sanduku zima kwa mafundi. Tulizisikiliza mpaka sindano ikaisha.

Na siyo "yangu yamekwenda". Ni "wangu amekwenda". Siyo "yameniacha". Ni "ameniacha". Sikiliza vizuri kabla hujachapisha.

Mwanvua binti Aboubacar


Liège, 5 Aprili 2023

Shangazi,

Ramadhani njema. Mungu apokee funga yako, ingawa kwa presha hiyo ningependa usifunge. Mimi nimefunga, siku huku ni ndefu. Mke wangu amepata kazi mpya hospitalini, tunamshukuru Mungu.

Asante kwa habari ya bomba la shaba. Patrick aliruka kwa furaha na nimeiingiza kwenye maisha ya Baba.

Nashukuru pia umethibitisha kwamba mwanamke yule hajulikani. Nimemwambia Patrick kuwa tumeuliza hata ndani ya familia. Lile neno nimelisikiliza tena. Kweli anaimba "amekwenda", lakini nadhani ni makosa ya lugha ya huyo binti, unajua Kiswahili chetu cha mjini. Tumeacha "yamekwenda" kwa sababu ndiyo sahihi. Jalada linaingia mitamboni mwezi wa sita.

Ukipata hata picha moja ya Baba, tafadhali.

Anouar


Mutanga Nord, 8 Mei 2023

Anouar,

Sumaya mzima. Wanawe wazima. Idi tulikula vizuri. Salamu zimekwisha.

Makosa ya lugha ya huyo binti! Huyo binti ndiye aliyekufundisha kusema "maziwa". Huyo binti alikubeba mgongoni miaka miwili mama yako alipokuwa anauza vitenge soko kuu. Ulimkojolea huyo binti kwenye gauni lake la pekee, asubuhi ya siku aliyokwenda kurekodi, akaenda studio ananuka mkojo wako. Sasa umemwita hajulikani, halafu unamsahihisha Kiswahili!

Keti chini usome.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Baba yako alikuwa na bendi ya watu wanne, wote mafundi wa garaji, na siku za Jumapili walipiga uani kwetu. Mimi nilifagia na kupika. Mpiga besi aliitwa Mawazo. Ndiyo, Mawazo. Ni jina la mutu. Alikuwa kijana wa Uvira, Mkristo, mpole, anafunga kamba za viatu mara mbili. Kila Jumamosi alivuka mpaka kwenda kumwona mama yake, na mimi nikabaki na ufagio. Nikatunga wimbo. "Mawazo wangu amekwenda Uvira, ameniacha na ufagio mkononi." Hakuna makosa hapo. Mutu anakwenda Uvira. Mutu anaacha mutu.

Wote walisikia kwamba binti ana mawazo mengi. Baba yako pia. Aliupenda. Alisema, "Dada, umeimba kama mutu anayelia lakini hataki jirani asikie. Huo ndio soul wenyewe." Tukaenda studio ya redio, na Mawazo akaupiga mstari wa besi chini ya jina lake mwenyewe, anatabasamu anaangalia viatu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile saa.

Santuri ilipelekwa kuchapwa nje. Kabla haijarudi, mutu mmoja wa garaji akamweleza baba yako Mawazo wa kwenye wimbo ni nani. Akarudi nyumbani, hata kofia hakuvua.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Jina lako likikaa pale, Buyenzi nzima itajua ni Mawazo gani. Nitapita wapi? Baba atapita wapi?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimewaandikia walitoe."

Mawazo alipojua alikuja mpaka uani. Alisema mbele ya wote, "Tajudini, nifukuze mi, lakini jina la Mwanvua lirudishe." Baba yako akamtupia gunia la besi mlangoni. Alikwenda Uvira siku ile na hakurudi. Nilimngoja mwaka na nusu. Halafu nikaolewa na Yahaya, baba yake Sumaya, na hakuwa mutu mbaya, Mungu amrehemu.

Hayo ningeyasamehe. Ujana, heshima, baba mkali, nayaelewa. Ila sikiliza hili. Wimbo ukapendwa. Redio ikaupiga asubuhi na jioni. Wakamwita baba yako kumhoji, Jumapili mchana. Nilikuwa natengeneza samaki wa mukeke jikoni, wewe mgongoni, redio dirishani. Mtangazaji akauliza, "Na yule dada mwenye sauti ile ni nani?" Baba yako akacheka. Nakumbuka kicheko. Akasema, "Aa, ni kabinti tu tulikaokota, kamerudi kwao Kongo."

Akarudi akala mukeke wangu. Akasema chumvi imezidi.

Sijaimba tangu siku ile. Hata harusini kwa Sumaya nilipiga makofi tu.

Ndiyo maana sitaki kutuma ujumbe wa sauti kwa simu. Sauti niliitoa mara moja, najua ilikokwenda. Hii ni karatasi, ina mwandiko wangu, hakuna atakayesema imeokotwa.

Toa neno "haijulikani".

Mwanvua binti Aboubacar


Liège, 30 Julai 2023

Shangazi,

Salaam. Samahani kwa kuchelewa. Watoto wamefunga shule, kazi nyingi.

Barua yako nimeisoma. Sitasema unadanganya. Lakini Baba amekufa tangu 2011, hawezi kujibu. Alikuwa hai miaka thelathini na miwili baada ya wimbo ule, mkila sahani moja kila Idi, na hukusema kitu. Sasa mtu amepatikana wa kumkumbuka, watu wa huku wanataka kujua Bujumbura ilikuwa na mpiga gitaa wa namna gani, na wewe ndipo unaleta mambo ya mpiga besi wa Uvira. Kwa nini sasa? Unataka nimvue nguo baba yangu mbele ya wageni?

Tena kazi imekwisha kuchapishwa.

Anouar


Mutanga Nord, 20 Agosti 2023

Anouar,

Wazima wote.

Hukusema kitu, unasema. Uliza ningesema kwa nani. Kwa baba yangu aliyetaka nifungiwe? Kwa baba yako aliyekuwa amekinunua kimya changu kwa kunilisha? Nilimwambia mutu mmoja tu, mama yako Saliha, siku nilipokuwa namwosha nywele katika ugonjwa wake wa mwisho. Akanishika mkono akasema, "Anouar nimeshamwambia. Ataliweka sawa."

Nimekaa na neno hilo miaka minne. Nilipoona barua yako ya kwanza nilidhani umekuja kuliweka sawa. Ukaniuliza kama namkumbuka!

Nina swali moja, jibu kwa ndiyo au apana, usiniletee habari za watoto. Ulijua au hukujua?

Mwanvua


Liège, 1 Oktoba 2023

Shangazi,

Ndiyo.

Mama aliniambia hospitalini. Alisema, "Yule ni shangazi yako, usimwache hivyo." Nilikuandikia ile barua ya kwanza nikijua jibu. Nilitaka useme humjui. Uliposema, nilifurahi, Mungu anisamehe, nililala usingizi mzuri siku ile.

Na kuna baya zaidi. Kwenye mkanda, kabla muziki haujaanza, Baba anasikika akizungumza. Anasema: "Mawazo, besi iwe chini kidogo. Mwanvua, we anza tu ukiwa tayari." Patrick hajui Kiswahili. Aliniuliza wanasema nini. Nilimwambia ni mafundi wa studio wanapiga kelele, ikatwe. Ikakatwa. Mimi ndiye niliyekata, Shangazi. Baba alifuta jina lako kwa sababu alimwogopa babu na Buyenzi nzima. Mimi huku hakuna ninayemwogopa. Nilitaka tu kuwa mtoto wa mtu asiye na doa, kwa sababu hapa mimi ni nani? Ni mtu anayepanga maboksi ghalani. Kwa kurasa zile nne nilikuwa mwana wa Tajudini.

Swali lako lilipofika nilikwenda kwa Patrick nikamwambia yote. Alikasirika kuliko nilivyotegemea. Alisema, "Umenifanya mwongo mbele ya kila mtu niliyemwonyesha." Majalada mia sita yalikuwa yamekwisha kuchapwa, yako ghalani kwake. Tumeyachana pamoja Jumamosi mbili. Hakunisemesha Jumamosi ya kwanza.

Jalada jipya limeandikwa hivi: Mwanvua binti Aboubacar, utunzi na sauti. Mawazo, besi. Tajudini, gitaa. Maneno ni "amekwenda". Kurasa zangu nne zimetolewa. Maneno ya Baba mwanzoni yamerudishwa. Lakini hakuna kitakachotoka bila ruhusa yako. Ukisema apana, Patrick anakurudishia mkanda na habari inaishia hapo.

Nimemtumia Sumaya wimbo kwenye simu, pamoja na maneno ya Baba. Usikilize ukipenda.

Siombi unisamehe kwenye barua hii.

Anouar


Mutanga Nord, 17 Desemba 2023

Anouar,

Sumaya mzima, amepata mafuta, nimemwona daktari. Presha iko juu. Nilimwambia daktari sababu ni mutoto wa kaka yangu, akacheka, akadhani natania.

Wimbo niliusikiliza. Sumaya aliweka simu mezani akataka kutoka, nikamwambia kaa. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kunisikia. Kaka yangu akaanza kusema. Nilidhani nitalia. Nilikasirika upya, Anouar! Alilitamka jina langu kirahisi hivyo, kama mutu anayeomba chumvi. Kwa hiyo alijua kulitamka. Ulimi wake haukuwa na ugonjwa wowote. Nikainuka nikatoka uani, nikamsema kaka yangu kwa sauti mpaka jirani wa geti la kijani akafungua kuona nani anapigana.

Halafu nikarudi nikamwambia Sumaya aanze tena tangu mwanzo. Tuliusikiliza mara tano. Sauti ile ilikuwa nzuri. Nasema mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyenisemea.

Sumaya hakukaa kimya. Aliucheza kazini kwake Gihosha, na mmoja wa hapo ana ndugu katika redio moja ya mjini. Wiki iliyofuata nikaletewa binti mwandishi, anaitwa Rosette, na kinasa sauti chake. Mutoto mzuri, anaandika haraka. Swali lake la kwanza likawa, "Mama, pamoja na yote, ulimpenda kaka yako?"

Nikamwambia, "Andika jina langu kwanza. Lote. Ya mapenzi utauliza baadaye."

Akaandika. Nikamwambia anisomee. Akanisomea. Nikamrekebisha herufi moja, akanisomea tena. Ndipo nikamjibu: ndiyo, nilimpenda, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Wakaupiga wimbo Jumapili mchana. Rosette akalitaja jina kabla na akalitaja baada. Sikuwa jikoni. Nilikaa sebuleni kwenye kiti kikubwa, miguu juu ya stuli, nikasikiliza kama mutu mwingine yeyote.

Kesho yake redio wakanipigia. Kuna mwanamke amewapigia kutoka Uvira, anaomba namba yangu, wampe? Nikasema wampe. Jina lake Nsimire. Akasema, "Mama, mi ni mutoto wa Mawazo." Nikakaa chini. Baba yake alifariki 2016. Alioa, akapata watoto sita, alifundisha besi kanisani mpaka vidole vikakataa. Akaniambia santuri ile walikuwa nayo nyumbani, na kila Jumapili baba yake alipoipiga, kabla hajaweka sindano, aliwaambia watoto: "Anayeimba ni Mwanvua. Haikuandikwa hapa, lakini ni Mwanvua. Semeni." Na watoto sita wakasema. Nsimire alilijua jina langu kabla hajajua kusoma.

Sasa fikiria hilo, wewe. Nimelifikiria wiki mbili na kifua bado kinawaka. Ng'ambo ya mpaka, katika nyumba nisiyowahi kuingia, mke wa mutu mwingine alivumilia jina langu litajwe, na watoto nisiowazaa wakalitaja kila Jumapili kwa miaka yote hiyo. Na nyumba niliyoifagia, nilimopika, nilimolea, haikuweza. Baba yako alikufa bila kusema. Wewe ulikata kwa mkono wako. Usinieleze tena kuhusu ghala na maboksi. Kila mutu ana maboksi yake.

Mwambie Patrick ruhusa nimetoa. Santuri itoke. Picha ya Tajudini isikae upande wangu. Na asiandike popote kwamba nimegunduliwa. Nilikuwepo hapa. Mulijua nilipokuwa.

Nsimire anavuka mpaka Jumamosi ijayo. Nimemwambia tukutane Kajaga, tule mukeke ufukweni, nimwone anafananaje. Sumaya anakuja na wanawe wanakuja. Nimeshona gauni.

Wewe sijakualika. Bado.

Mwanvua binti Aboubacar